Adhabu ya Ngedere

Kikohozi kilipoingia msituni, Mwalimu Fuko, aliyeamini kwamba kila baya huletwa na upepo, aliziba madirisha yote ya darasa kwa udongo. Ngedere, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, alilalamika kuwa humo ndani hakupumuliki. Mwalimu akamtoa nje kwa utovu wa adabu, akae mtini asikilize masomo kupitia tundu la mlango.

Wiki haijaisha, Digidigi akakohoa, Kanga akakohoa, na Mwalimu mwenyewe akawa hamalizi hesabu moja bila kushika kifua. Majibu ya maswali yakawa yanatoka nje tu, kwa Ngedere.

“Wewe mbona hukohoi?” Mwalimu akauliza, kama anayemshuku mwizi.

“Sijui, Mwalimu. Upepo nimeupata mimi, kikohozi mmekipata nyinyi.”

Mwalimu akaanza kuufukua ule udongo kwa kucha zake, dirisha hadi dirisha, mpaka kurasa za madaftari zikapeperuka. Digidigi akavuta pumzi ndefu, na safari hii haikuishia kwenye kikohozi.

“Kuanzia leo,” Mwalimu akasema, “darasa zima lina adhabu ya Ngedere.”