Kombe Juu ya Kabati

Mwalimu Mkuu Shekiondo alihitaji watoto ishirini wa darasa la kwanza, la sivyo shule ingefungwa. Alikuwa amekwisha kuandikisha kumi na tisa alipoingia Mwanaidi, muuza mihogo wa stendi, amemshika bintiye mkono.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimekuletea mjukuu."

"Marahaba. Wenzako wote wamekimbilia shule za kulipia. Wewe vipi?"

"Kombe si liko hapa!" Mwanaidi alicheka, akionyesha juu ya kabati. "La mwaka wetu lile. Ulituambia sisi wenye vichwa vizito tubaki nyumbani siku ya mtihani, tusiiangushe shule. Nikabaki, Mwalimu. Sikukuangusha."

Waliobaki nyumbani siku ile walikuwa kumi na mmoja. Aliwaambia kwa upole, nao wakatii. Shule ikawa ya kwanza wilayani, naye akapigiwa makofi. Hakuna aliyewahi kumlaumu, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Alimsogezea fomu na kalamu. Mwanaidi aliisukuma kalamu kando taratibu, akanyoosha kidole gumba, akisubiri wino.

"Na huyu akiwa mzito kama mimi," aliuliza, "utaniambia mapema?"

Shekiondo alipanda juu ya kiti, akaliteremsha kombe, akalifuta vumbi kwa mkono wa shati lake jeupe, kisha akampa mtoto.

Mtoto alilikumbatia, akachungulia ndani kwa muda mrefu.

"Babu," alisema, "mbona hamna kitu?"