Kamera ya Chumbani kwa Mzee

Mzee alikuwa anabadilishwa nepi, na fundi alikuwa anamtazama kwenye skrini.

Aliifunga video ile upesi. Alikuwa amefungua moja tu, kuhakikisha zinasoma. Kazi aliyoitiwa ilikuwa kufunga sanduku jipya la kuhifadhia data, kuliunganisha na ruta, kisha kuhamishia humo, kutoka diski ya zamani, video zote za kamera za nyumba hii, miezi saba ya usiku na mchana. Alidhani ni kamera za getini. Kumbe karibu zote zilitoka chumba cha mgonjwa, zikimkodolea macho mzee wa watu aliyepigwa na kiharusi, asiyeweza kusema wala kujifunika.

"Usipoteze hata dakika moja ya video hizo," binti wa mzee alikuwa amemwambia fundi wakati anatoka, uso mkavu kama gogo. "Na mtu asiguse. Nikirudi saa kumi nizikute zote."

Aliyebaki na mgonjwa ni kaka mtu. Huyu alikuwa mcheshi, mtu wa watu. Alimletea fundi chai, na kiti chenye mto.

"Umeona mwenyewe, eh?" alimwambia kwa sauti ya chini. "Ndiyo dada yangu huyo. Mzazi wake wa kumzaa, fundi. Hata shetani angegeuza uso."

"Anazifanyia nini?"

"Kamuulize yeye. Mimi hapa ni dobi tu, nafua mashuka."

Fundi alitema mate dirishani. Baba yake mwenyewe aliugua miaka miwili, akafa hajaonwa uchi na mtoto wa kike.

Saa ya uji alichungulia chumbani kumsalimu mzee. Mkono wa mgonjwa ulikuwa umevilia damu.

"Kaanguka tena bafuni," kaka mtu alisema, akisogeza kijiko. Mzee akafumba kinywa, akageukia ukutani. "Unaona? Anaionea haya kamera. Hali mpaka nimbembeleze." Akashusha pumzi. "Fundi, hivi data si hupotea? Mashine ni mashine."

Fundi akarudi kwenye mashine yake. Miaka kumi na minane hakuwahi kumpotezea mteja hata faili moja, na jina hilo ndilo lililosomesha wanawe. Lakini kuna uchafu ambao ukiubeba, unanuka wewe.

Programu ilimuuliza swali moja: ipi inakiliwe juu ya nyingine? Diski ya zamani iliyojaa, au sanduku jipya lililo tupu? Mafundi wote huliogopa swali hilo, maana ukigeuza, tupu huifuta iliyojaa.

Akageuza. Ikamuuliza kama ana hakika. Alikuwa na hakika.

Kazi ya saa sita ikaisha kwa dakika nne. Alimeza chai iliyobaki, akaanza kukunja nyaya zake.

Saa kumi binti akarudi, nyuma yake askari wa kike mwenye daftari. Fundi alikuwa na uongo wake tayari mdomoni: diski imekufa.

"Fundi, tufungulie ya Jumanne, saa ya uji," binti alisema. Kisha akapita moja kwa moja mpaka kitandani, akainama sikioni kwa mzee.

"Baba, leo watatuamini."