Mabua Mbele ya Mlango

Mkokoteni wa tatu wa mabua ya ngano ulipomwagwa mbele ya nyumba ya Jabez Oldroyd, mtaa mzima ulijua kuna mtu anakufa mle ndani. Mjini Halifax ndivyo ilivyokuwa siku hizo. Mgonjwa akizidiwa, mabua hutandazwa juu ya mawe ya barabara ili magari ya farasi yapite kimya.

"Tandazeni mpaka kwenye kona," Jabez aliwaamuru wachukuzi. "Watu waone."

Aliyeyaomba mabua ni mkewe, Honor. Alisema kila gurudumu linalopita linampasua mtoto kichwa. Jabez alikubali upesi kuliko alivyowahi kukubali jambo lolote tangu wafunge ndoa. Honor alikuwa mwandishi wa riwaya, na riwaya yake mpya ilikuwa ikitoka gazetini kipande kwa kipande. Nusu ya Uingereza ilikuwa roho juu, ikingoja kujua kama Nan, binti wa mlinzi wa mnara wa taa, atapona. Sasa mwandishi mwenyewe anauguza binti! Tangazo gani lingeshinda hilo?

Malipo ya vitabu yalikuwa ya Jabez, kwa sheria. Tabitha, binti yao wa miaka saba, naye alikuwa wa Jabez, kwa sheria. Honor alikumbushwa hayo mwaka uliopita, alipojaribu kuondoka na mtoto. Jabez alisikia magurudumu yakisimama nje, akatoka na soksi tu miguuni, akamshusha mkewe garini kwa kumvuta mkono, majirani wakitazama. Tangu siku hiyo aliweka kiti chake nyuma ya mlango wa mbele, na halikusimama gari mtaani asilisikie.

Daktari alisema ni homa nyekundu. Asiingie mtu ila mama na mtumishi. Alitundika kwenye mlango wa chumba cha mtoto shuka lililoloweshwa siki, kuzuia maambukizi, na muda wote akisema hayo alikuwa anaitazama kofia yake mkononi. Jabez hakubisha. Magonjwa aliyaogopa kama paka anavyoogopa maji.

Jirani yao, Bi. Murgatroyd, alikuja na bakuli la supu.

"Pole, Bwana Oldroyd. Tabby wetu anaendeleaje?"

"Anakohoa."

"Maskini ya Mungu." Akasogea karibu, akapunguza sauti. "Na Nan je? Usinifiche, jamani, usingizi siupati."

"Nan anakufa. Nimeshamwambia mke wangu. Watu wanataka kulia."

"We mwanamume, una moyo gani!" alisema Bi. Murgatroyd, akageuka mbio kwenda kuwaambia wenzake, supu yake ikiwa bado mikononi.

Jioni mtumishi, Keziah, alikuja kuchukua gazeti la bibi yake. Alilishika juu chini.

"Unasoma miguu juu, Keziah?"

"Mimi hata jina langu sijui kuliandika, bwana. Nachora msalaba tu." Akakunja gazeti. "Bibi kaniruhusu kesho nikamwone mama yangu."

"Nenda. Utatupunguzia kelele."

Kesho yake Keziah aliaga kutoka juu, akashuka kwa ngazi ya nyuma, akatoka kwa mlango wa jikoni. Jabez akabaki peke yake chini, akisikiliza sauti mbili kutoka juu: kikohozi na kalamu. Kalamu ya Honor ilikuwa ya chuma, yenye kukwaruza, na mbao za sakafu ile zilikuwa nyembamba. Jabez aliupenda mkwaruzo ule. Ukisikika, nyumba itakula.

Alipokuwa akikata nyama yake ya mchana, kikohozi kilikoma. Kalamu iliendelea.

Jabez aliweka kisu chini. Alishawahi kuyasikia haya.

Edmund, mtoto wao wa kwanza, aliugua katika chumba kilekile. Honor aliomba aiache kazi, akae kitandani na mwanawe. "Maliza sura kwanza," Jabez alimwambia. "Mtoto hakimbii." Honor akamaliza. Jabez, hapahapa chini, alisikia kikohozi kikikoma na kalamu ikiendelea, wala hakuinuka. Honor alipogeuka, mtoto alikuwa ameshapoa. Alimtazama mumewe tu, na tangu siku hiyo Jabez hakuupita mlango ule bila kuharakisha. Usiku mwingine alimsikia Edmund akikohoa ukutani, akajifunika shuka mpaka kichwani.

"Honor!" aliita kutoka chini ya ngazi.

Kalamu ilisita. Kisha ikaendelea, polepole, mkwaruzo baada ya mkwaruzo.

"Honor, mtoto kanyamaza! Husikii?"

Mkwaruzo.

Alipanda ngazi. Alimwona Honor akilini mwake, amekipa kitanda mgongo, akimwandika Nan anavyokata roho huku Tabby akikata roho nyuma yake. Na aliyeagiza iwe hivyo ni yeye. Hofu ilimshika, na chini ya hofu, aibu, kitu ambacho hakukizoea.

"Acha!" alilia nje ya mlango. "Acha kuandika, mke wangu! Mshike mtoto mkono! Nan asife, asife mtu, acha tu!"

Kalamu haikuacha. Jabez alilivuta shuka la siki likaanguka, akasukuma mlango.

Kitanda kilikuwa kitupu, kimetandikwa vizuri. Dirisha lilikuwa wazi, na chini yake, pale uchochoro wa jikoni unapotokea barabarani, mabua yalikuwa yamelazwa na magurudumu yaliyofika, yakasimama, yakageuka. Mezani aliketi Keziah, kofia yake ya safari kichwani, akivuta kalamu isiyo na wino juu ya karatasi nyeupe. Hakusimama kumwamkia bwana wake.

Kule bondeni, stesheni, treni ikapiga filimbi ya kuondoka. Keziah akaweka kalamu chini.