Upande wa Mzee

"Umo humu ndani. Toka," mama aliiambia fonti aliyoitafuta kwenye kompyuta, akaishuka tena orodha ya aina za herufi kwa mara ya nne, kidole kikigusa kioo. Zilikuwemo nene, nyembamba, za mapambo, hata moja yenye herufi zilizovimba kama zimeumwa na nyuki. Aliyoitaka haikuwemo.

Saa tatu asubuhi. Mume wake, ambaye kila mtu alimwita Mzee, angerudi kutoka kliniki saa sita, na kesho yake alitakiwa kufanyiwa upasuaji wa moyo. Fomu ya kukubali ilikuwa palepale mezani, haina sahihi. Mzee alishasema, na akishasema harudi nyuma: "Siingii chumba hicho bila neno la mwanangu."

Mwana wao wa pekee alikuwa mbali, mwaka wa sita sasa, akifanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji. Mwandiko wake ulikuwa wa kuku, kwa hiyo barua alizichapa, daima kwa fonti moja yenye mikia mirefu. Miaka miwili ya kwanza aliwaandikia wazazi wote. Kisha yeye na baba yake wakagombana kwenye simu, maneno yakavuka mipaka, namba ikabadilishwa. Miezi minane haukuja hata mstari mmoja.

Halafu barua zikaanza tena, ila kwa mama tu. Mzee ndiye aliyekuwa na ufunguo wa sanduku la posta. Alikuwa akimkabidhi mama bahasha, kisha anakaa pembeni akijifanya anafuta miwani wakati mama anasoma. Barua zilimuulizia mama magoti yake, usingizi wake, mboga zake za nyuma ya nyumba. Baba hakutajwa hata kwa salamu. Mama alifurahi, na akaona haya kwa furaha yake, kama mtu anayekula mbele ya mwenye njaa.

Ndipo alipoanza kumwandikia Mzee barua za mwanawe. Alikuwa karani mpiga chapa miaka thelathini. Kuiga barua hakungemshinda. "Imeletwa na msafiri," alikuwa akisema, na Mzee huisoma mara mbili, huikunja mara nne, huitia mfuko wa shati. Mama hakuwa na mtu wa kumweleza jambo hilo. Aliishi na mume wake chini ya paa moja, akila naye meza moja, na bado alijiona mpweke kuliko wajane aliowajua.

Kompyuta ya zamani ilipokufa, fundi wa duka la steshenari alileta nyingine, akaigawa pande mbili, upande wa mama na upande wa Mzee. Mzee alicheka. "Mimi na hiyo mashine, kila mtu na hamsini zake." Mama alimnong'oneza fundi aitie ile fonti yenye mikia, na fundi akasema imo. Lakini mama hakuiona. Wiki iliyopita, kwa kubanwa na siku, aliandika kwa fonti nyingine. Mzee alisoma mistari miwili, akaigeuza karatasi, akauliza, "Hii kaandika nani?" Tangu hapo ile barua ilikaa juu ya kabati, na fomu ikakaa mezani.

Mama alimpigia fundi simu.

"Umeifunga programu kabisa, ukaifungua upya?"

"Mara tatu."

"Na kompyuta, umeizima ukaiwasha?"

"Fundi, nimeifanyia yote isipokuwa kuiogesha."

Fundi akacheka. "Lakini mbona mliniambia inafanya kazi vizuri?"

"Nani alikwambia?"

"Aa, labda nachanganya wateja. Ngoja kwanza. Umeingia upande wa nani?"

"Wangu."

"Basi ndiyo hapo, mama. Fonti ikiwekwa upande mmoja, upande wa pili hauioni. Ingia upande wa Mzee, utaikuta."

"Kumbe ulikosea mlango tu," mama alisema, akamsamehe palepale. Kwa siku tatu alikuwa amelala na kuamka na hofu ya ile sahihi.

Upande wa Mzee haukuwa na neno la siri. Mama alifungua programu ya kuandikia, akabonyeza orodha ya fonti, na safari hii hakuhitaji kushuka. Ilikuwa ya kwanza kabisa, juu ya zote, chini ya maneno "zilizotumika karibuni." Mama alishusha pumzi. Saa nne kasoro. Muda wa kuandika ulikuwa tele. Akabonyeza pale juu ili apate ukurasa mpya.

Kabla ya ukurasa mpya, programu ikamwonyesha kazi za karibuni. Zilikuwa tano. Alifungua ya kwanza, akasoma habari za magoti. Akafungua ya pili, akasoma habari za usingizi. Nne kati ya hizo alizijua neno kwa neno, maana zilikuwa chumbani, chini ya mto wake.

Ya tano hakuwahi kuisoma. Iliandikwa jana.

"Mama mpendwa," ilianza, kwa mikia mirefu ileile. "Nimepata habari za msiba wa baba. Nisamehe sikuwahi kufika. Usilie sana, mama. Mimi nipo, na nitakuandikia kila mwezi."