Tausi Aosha Miguu

Tausi aliutaka uzee wa kanisa kwa udi na uvumba. Alhamisi Kuu ilipokaribia akatangaza kwamba yeye, na mkia wake wote ule, atapiga magoti mbele ya waumini awaoshe miguu wanyama sita. Akawachagua mwenyewe, na kuwaagiza waje wameshaoga.

Siku ilipofika Swala, mmoja wa wale sita, akashikwa na homa, na Mchungaji Korongo akamkalisha Jongoo kwenye kiti chake.

Tausi akawaosha watano wa kwanza upesi, huku akigeuza shingo kuona kama anatazamwa. Kisha akamfikia Jongoo. Kwenye mguu wa arobaini magoti yakawa yanamuuma, na waumini wameanza kutoka kwenda kupika.

"Ndugu Jongoo," akanong'ona, "kwani una miguu mingapi?"

"Sijui, bwana. Sijawahi kuulizwa."

"Nyumbani nani anakuosha?"

"Fuko, huyo anayekuchotea maji. Huja kila Jumamosi tangu nilipoanza kuumwa mgongo. Ila yeye hahesabu."

Tausi akalivua taulo, akampa Fuko. "Nimalizie. Wakiuliza, sema ni mimi."

"Nani aulize?" akasema Fuko, akipiga magoti. "Wameshaondoka."

Alikuwa amebaki Mchungaji tu, kimya nyuma ya mimbari. Jumapili akamtangaza Tausi mzee wa kanisa, kisha akamsomea kazi yake ya kwanza: kumwosha Jongoo kila Jumamosi.

Siku hizi Tausi anasali kanisa jingine. Nasikia huko hawaoshani miguu.