Tairi za Umri Wangu

Ukitimiza miaka sabini unafungiwa tairi za lami tu, nazo zikigusa udongo hugoma. Binti yangu Rukia amejifungua huko mlimani, ambako njia ni tope tupu.

“Nifungie za tope, mwanangu,” nilimwambia fundi Mbelwa. “Nani atamkanda mzazi?”

“Bibi, gari linajua umri wako. Nikizifunga, haliwaki.”

Alinipa kiti na maji ya kunywa. Sikumkasirikia yeye. Niliwakasirikia waliotunga sheria hiyo, kana kwamba wao hawakuogeshwa na bibi zao.

Lami ilipoishia, tairi ziligoma. Nikavua viatu, nikajitwika sufuria ya kumkandia, nikapanda kwa miguu. Nyuma yangu gari likafunga mkanda wa kiti changu, kana kwamba nimo, likageuka lenyewe na kurudi nyumbani.