Aksoloti wa Koekelberg

Sumaya alitoa chupa ya barafu kwenye friza, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaizamisha taratibu ndani ya tangi la kioo. Ya tatu tangu alfajiri. Wale wanyama wawili walilala juu ya mawe wakitabasamu tu, maana ndivyo midomo yao ilivyoumbwa.

"Zaeni basi," aliwanong'oneza. "Mnataka nini tena kwangu?"

Ilikuwa Jumapili. Saa nane mchana mama mkwe wake, Bi Mwanvua, angepiga simu Bujumbura, na neno ni moja: wamezaa, au hawakuzaa.

Mtoto hakui, hapevuki, na bado huzaa: nani huyo? Ndiye aksoloti. Ni kama mjusi wa majini, matamvua yametokeza shingoni kama manyoya, na sura ya utoto haimtoki hadi afe. Tharcisse, aliyefanya kazi na Lukman, mume wa Sumaya, alipohama Brussels aliwaachia hawa wawili. "Voilà, bwana na bibi yake," alisema akicheka.

Miaka saba ya ndoa, Sumaya na Lukman hawakupata mtoto. Huko Buyenzi, mtaa wao wa Bujumbura, ukoo ukakaa kikao, baba mkubwa wa Lukman, Abdallah, akiongoza, wakakata shauri: Lukman aoe wa pili, na binti ameshaonwa. Bi Mwanvua akapandishwa ndege aje aitazame nyumba, kisha apeleke habari.

Alikuja na kimya chake. Mchana kutwa aliketi mbele ya tangi, tasbihi mkononi, akiwatazama wale wanyama kuliko alivyomtazama mkwewe. Wiki ya sita ndipo akasema. Nyumba hupimwa kwa mfugo. Kuku wakitaga, mbuzi wakizaa, nyumba ina heri na mke angojewe. Neno hilo liliachwa na baba yake Abdallah mwenyewe, na Abdallah halibishi.

"Hapa hakuna kuku wala mbuzi," alisema. "Bon, kuna hawa."

"Na wasipozaa, Mama?"

"Wasipozaa, mimi sina la kumwambia Abdallah."

Sumaya akaisikia kama hukumu. Alimgeukia mumewe, naye Lukman akainamisha kichwa, akavaa viatu, akaenda zake hospitali ya Jette kusukuma vitanda vya wagonjwa. Mama ameshasema, alors yeye aseme nini?

Basi Sumaya akamwendea Mathieu, mzee wa Kibelgiji anayeuza samaki wa mapambo katika soko la Jumapili pale stesheni ya Midi. Mzee akamfundisha. Watenganishe wiki tatu. Punguza mwanga, kisha uuongeze kidogo kidogo, wadhani majira yamegeuka. Halafu warudishe pamoja kwenye maji baridi, na mawe bapa chini ili dume aweke mbegu yake, na majani ya kutosha ili jike abandike mayai.

Akafanya yote. Dirisha alilifunika kwa blanketi lake la harusi. Mmoja alimweka kwenye beseni la kuogea, na kwa wiki tatu nyumba nzima ilioga kwa ndoo. Bi Mwanvua akatawadha kwa birika, wala hakulalamika. Sumaya alipiga magoti kwenye bustani karibu na Basilika akichimbua minyoo ya kuwalisha, wapita njia wakimuuliza amepoteza hereni gani. Kule saluni ya Galerie d'Ixelles, Aïcha msusi akamwambia mbele ya wateja azae yeye kwanza, samaki watajijua. Saluni nzima ikacheka. Sumaya naye akacheka, akaenda kulilia kwenye tramu.

Wiki mbili zikapita tangu awarudishe pamoja. Hakuna hata yai moja.

Asubuhi hiyo Bi Mwanvua alikuwa ametoka na kikapu chake kutafuta sombe, yale majani ya muhogo, kama kila Jumapili. Sumaya alilitazama tangi mara ya mwisho, akavaa koti, akakimbilia Midi.

Mathieu alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza swali ambalo hakuwahi kuliuliza: nyuma ya miguu ya nyuma, pale mkia unapoanzia, nani kati yao amevimba?

"Wote wawili," Sumaya akajibu.

Mzee akavua miwani. "Madamu, hao ni madume wawili."

Soko likaendelea kupiga kelele, yeye hasikii. Akaomba auziwe mayai, hata matatu, hata mawili. Mzee akatikisa kichwa. Alikuwa na mfuko mmoja tu wa majani yenye mayai, na umeshaondoka asubuhi mapema. Jumapili ijayo, labda.

Jumapili ijayo binti wa Buyenzi atakuwa ameshapakwa hina.

Alirudi Koekelberg hajui tramu ilipita wapi. Akapanda ngazi ameshika ukuta, akipanga moyoni nguo zipi azichukue na zipi aziache. Mlango ulikuwa wazi. Ndani, Bi Mwanvua alikuwa amesimama na simu sikioni, bado amevaa koti, sauti imepaa.

"Abdallah, nimeona kwa macho yangu mawili. Majani yote yamejaa. Nyumba hii ina heri, huyo binti wa watu mwambieni asingoje."

Sumaya alilisogelea tangi. Ni kweli. Mayai yalining'inia kwenye majani kama shanga za kioo, kila moja na kitone cheusi katikati, makumi kwa makumi. Chini yake madume wawili walilala wakitabasamu.

Bi Mwanvua akaifunika simu kwa kiganja.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, "mfuko wa yule mzungu wa samaki nimeusahau kwenye sinki. Nenda kautupe kabla mume wako hajaingia."